Msimu wa Ganzi

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza leo kwa vishindo. Nimerudi kutoka bekari nikamkuta mke wangu ameketi kitandani, anavitazama vidole vya miguu yake kama mtu aliyeletewa viatu vya mwenzake.

"Nina ganzi," akasema. "Nahisi kama nimevaa soksi."

Nikamwambia ni kusimama kutwa nzima saluni akisuka vichwa vya watu. Akajibu kwamba miaka yote amesimama na hajawahi kuvaa soksi asizonunua. Tukacheka. Binti yetu, tunayemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haujui kufungwa, akamtekenya nyayo kwa ncha ya penseli. Mama mtu hakushtuka. Alikuwa bado anacheka yale maneno yake mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Ameanguka kwenye ngazi. Zahanati wamesema uchovu, wakampa vidonge vya vitamini. Mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimembeba mgongoni kutoka ghorofa ya tatu mpaka chini, Chiriku mbele yetu na mwavuli usiomfunika mtu. Mke wangu alinong'ona sikioni mwangu, "Ukiniangusha, nakwenda kwetu." Nilihisi miguu yake ikining'inia pande zote mbili za kiuno changu, mizito, haishiki.

Hospitali tumepokewa na daktari wa neva, mama mfupi mwenye kinyundo cha mpira mfukoni. Chiriku alimbatiza papo hapo: Daktari Nyundo. Alimgonga mke wangu chini ya goti. Mguu ukakaa kimya. Akaniambia niketi, akanigonga mimi, na mguu wangu ukaruka teke lililokosa kidogo tu kumpata.

"Teke hilo hukuliamua wewe," akasema. "Habari imetoka gotini ikafika kwenye uti wa mgongo, ikageuzwa kuwa amri hapohapo. Ubongo umekuja kuambiwa baadaye. Kwa mkeo, safari hiyo inakatika njiani."

"Ubongo wake umeharibika?"

"Hapana. Ubongo na uti wa mgongo viko salama. Zilizoshambuliwa ni neva zinazotoka hapo kwenda mikononi na miguuni. Alihara siku za karibuni?"

"Sote tulihara," Chiriku akadakia. "Baba ndiye aliyezidi."

Daktari Nyundo hakucheka. Alisema kinga ya mwili wa mke wangu ilipigana na vijidudu vya tumbo, ikashinda, lakini sasa imekosea adui. Inakwangua utando wa mafuta unaozizunguka neva. Utando ukikwanguka, ujumbe unapita kwa shida au haupiti kabisa. Watamchoma sindano ya mgongo wapime maji ya uti, kisha watamwekea dripu ya kingamwili zilizochujwa kutoka kwenye damu ya watu wengi.

"Atapona?" mke wangu ndiye aliyeuliza.

"Wengi hupona. Lakini kwanza itazidi. Nakwambia ili ikizidi usidhani nilikudanganya."

Jumatatu, 17 Machi

Mikono imekwenda. Jana alikuwa anashika kikombe. Leo vidole vyake, vilivyokuwa vikisuka huku macho yakitazama kwingine, vimelala juu ya shuka kama vimesahauliwa na mtu. Sauti imeanza kutokea puani.

Mama mkwe amefika. Alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu, na miaka yote ya kuandika maneno ya wengine imemfundisha kutotumia yake. Nilimwamkia, akaitikia. Akavuta kiti hadi usawa wa kichwa cha binti yake, akaketi, akaweka mikono yake mapajani. Hakumgusa. Hata paji la uso. Mimi nilikuwa nimeishika miguu ya mke wangu, ninaisugua, ninaitia joto, na yule mama alinitazama kama ninayeiba.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima. Daktari Nyundo alimwambia ahesabu kwa pumzi moja; akaishia saba. Wakaja watu wengi kwa pamoja. Kabla hawajamlaza usingizi ili wamwekee mpira kooni, alinitafuta kwa macho. Nikainama. Nilidhani ataniambia jambo la kushikilia.

"Usimpe mtoto mkate mkavu," akasema.

Hayo ndiyo niliyobaki nayo. Sasa mashine inampumulia katika chumba cha wagonjwa mahututi. Nimerudi nyumbani, nikampasulia Chiriku mkate, nikaupaka siagi pande zote mbili, kisha nikaenda kusimama bafuni.

Jumapili, 23 Machi

Uso nao umelala. Hatabasamu, hakunji kipaji. Kope tu ndizo zinazofunguka nusu.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua haijakatika wiki nzima. Unga umevuta unyevu, mikate inatoka na matako mazito, wateja wanalalamika.

Naamka alfajiri, nakanda, naoka. Adhuhuri nakwenda hospitali. Nakuta mama mkwe kwenye kiti chake. Ananipisha upande wa miguu, naye anabaki kichwani. Mimi nazungumza mfululizo: namweleza mke wangu nani ameuliza habari zake, gari la unga limekwama wapi, Chiriku amegombana na nani. Huku namsugua nyayo kwa ncha za vidole, polepole, kuanzia kisigino, kama alivyokuwa akipenda Jumapili. Namwomba Mungu mke wangu asikie mguso kidogo tu. Daktari alisema ubongo uko salama, yaani yumo humo ndani, anatusikia, hana mlango wa kutokea.

Mama mkwe hasemi kitu. Mara mojamoja anamwinamia na kumnong'oneza neno moja au mawili, anasubiri, kisha anarudi kukaa. Mwili wa mwanawe mwenyewe anauogopa. Nimejaribu kumsamehe, nimeshindwa.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimeona kifo kikichungulia.

Jana walimtoboa tundu dogo kooni, wakautoa mpira mdomoni. Nilifurahi kuiona tena midomo yake na kidevu. Nesi alikuwa anamnyonya makohozi, kazi anayoifanya kila siku, mimi nimeshika mguu wa kushoto. Ghafla mlio wa mashine ukabadilika. Pipu. Kimya. Kimya. Pipu. Namba iliyoandika mapigo ya moyo ikashuka kama ndoo iliyokatika kamba. Nesi akapiga kelele ambayo sikuitegemea kwa mtu mpole vile. Mama mkwe alikuwa tayari amesimama, amenikamata mkono wa shati na kunivuta hadi ukutani ili waliokuwa wanaingia mbio wapite. Walimchoma sindano. Namba ikakaa chini, ikakaa, kisha ikaanza kupanda.

Baadaye Daktari Nyundo alitukalisha kwenye benchi la nje. Mvua ilikuwa inatupiga visigino.

"Kuna neva zisizosubiri amri ya mtu," akatueleza. "Hamkai mkaamua moyo upige, tumbo lisage, jasho litoke. Zipo za kuharakisha na zipo za kutuliza, zinavutana usiku na mchana, ndiyo maana moyo unakwenda sawa. Ugonjwa umezigusa hizo pia. Tukimshtua kooni, upande wa kutuliza unavuta kamba yote peke yake."

"Kwa hiyo moyo unaweza kusimama wakati wowote?" nikauliza.

"Ndiyo maana hatumwachi peke yake."

Alipoondoka, tulibaki sisi wawili, mimi na mama mkwe. Nilisubiri alie, ili na mimi nilie. Aliuondoa uzi uliokuwa umening'inia kwenye mkono wa shati langu, pale alipokuwa amenishika, akasema, "Nenda kamchukue mtoto shule, baba. Shule zimeshatoka."

Jumapili, 6 Aprili

Nimelala upande wake wa kitanda. Mto hauna harufu yake tena, una harufu yangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Amezungumza! Kwa kope.

Mama mkwe ndiye aliyemwambia nesi kwamba binti yake anajibu: kufumba mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Nesi akaleta wazo la herufi. Unazitaja moja baada ya nyingine, akifumba unaiandika. Majuma mangapi nimekuwa nikijiuliza neno lake la kwanza litakuwa nini! Nikajiambia huenda ni jina langu.

Ilipatikana N. Halafu Y. Halafu W.

"Kunywa!" nikaruka. "Ana kiu!"

Kope mara mbili, tena kwa hasira, kama hasira inaweza kukaa kwenye kope.

E. L. E.

"Nywele," mama mkwe akasoma. Akageukia ile picha ya Chiriku niliyoibandika jana karibu na kitanda. Mtoto anacheka mbele ya shule, na kichwani ana vichaka vitatu nilivyovifunga kwa kamba za mifuko ya mkate.

Mama mkwe aliangua kicheko. Sikujua kama anacho. Alicheka mpaka akavua miwani, na mimi nikacheka, na nesi akacheka, na mke wangu akatutazama sote watatu kwa macho makavu ya msusi aliyeaibishwa mbele za watu.

Jumamosi, 19 Aprili

Amekunja kipaji! Daktari Nyundo anasema ugonjwa ulipanda kutoka chini, na nguvu itarudi kutoka juu kwenda chini: uso, shingo, mabega, mikono, miguu mwisho. Neva hazijakufa, zinavishwa upya utando wao. "Kazi hiyo haikubali kusukumwa," akasema. Mimi mtu wa hamira naelewa jambo hilo, lakini kuelewa ni kitu kimoja na kusubiri ni kingine.

Jumatatu, 28 Aprili

Nitaandika yote, hata kama ninatamani kutoandika.

Leo wamemwachia apumue mwenyewe kwa muda, wakaweka kwenye tundu la koo kifuniko cha kumwezesha kutoa sauti. Nilikimbia kutoka bekari bila kubadili nguo. Nilisimama mahali pangu, upande wa miguu, nikaushika unyayo wake kama kawaida nikaanza kuusugua. Midomo ikachezacheza. Sauti ikatoka, nyembamba, iliyopasuka, lakini yake. Yake kabisa!

"Acha," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri. "Nini, mama?"

"Miguu. Acha. Moto."

Niliondoa mikono kana kwamba mimi ndiye niliyeungua.

"Unasikia?" nikamuuliza. "Unasikia nikikugusa?"

"Siku zote." Akapumzika. Mashine ikasubiri naye. "Kila siku. Ukija... nasikia hatua zako... nataka uje... naogopa uje."

Siwezi kueleza nilitoka vipi chumbani. Nilimkuta Daktari Nyundo kwenye ujia nikamwuliza kwa sauti isiyo ya adabu kwa nini hakuniambia. Alijibu kwamba aliniambia. Ni kweli, aliniambia, siku za mwanzoni, nami nilikuwa naitikia kwa kichwa huku sisikii.

Akarudia. Kuna neva zinazotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo kupeleka amri kwenye misuli, na kuna zinazotoka kwenye ngozi kupeleka habari juu. Amri zilikuwa hazifiki, ndiyo maana hakujongea. Habari zilikuwa zinafika, si zote, na zilizofika zilifika zimeharibika. Mguso mwepesi unapokelewa kama moto. Shuka ni moto. Kidole kinachopapasa ni moto zaidi.

"Mwili usiojongea si mwili usiosikia," akasema.

Nilikuwa nampapasa kila siku. Kwa mapenzi yangu yote. Naye amelala, hana hata kope ya kuniomba nisimame, kwa sababu mimi sikuwahi kumwuliza. Nilikuwa nasema tu.

Jumanne, 29 Aprili

Sikwenda hospitali. Nimemtuma Chiriku na jirani. Mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Mama mkwe amepanda ghorofa zote tatu kwa miguu yake yenye baridi yabisi kuja kunifuata. Aliketi jikoni, akapumua, akakataa maji.

"Mwenzio anauliza uko wapi."

"Nimemtesa, Mama."

"Ndiyo," akasema. Karani wa mahakama haandiki pembeni ya kilichosemwa. "Hukukusudia. Lakini ndiyo."

"Wewe ulijua?"

"Siku niliyofika nilimwuliza, mwanangu, nikushike? Bado alikuwa na sauti kidogo. Akasema, 'Usinishike, Mama, naungua.' Alipokosa sauti nikawa namwuliza kwa kope kila siku. Kila siku akikataa." Alitazama mikono yake. "Unadhani mimi sikutaka kumshika? Nimemzaa. Mikono iliniwasha. Nilikuwa naikalia."

Niliuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"Nilimwuliza hilo pia. Nikamwambia, nimkataze mumeo? Akafumba mara mbili. Nikarudia kesho yake. Mara mbili. Alikuwa anaungua, baba, lakini hakutaka uondoke. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi ni nani niamue?"

Nilifunika uso kwa kitambaa cha unga. Mwanamke niliyemwona jiwe majuma yote haya aliinuka, akaosha vyombo vyangu vya siku tatu, akavipanga, akasema, "Haya. Vaa viatu."

Jumamosi, 3 Mei

Nimekaa upande wa kichwani. Nimekalia mikono.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

"Sogea karibu basi. Sikusema usinipumulie."

Jumamosi, 17 Mei

Ametolewa mashine, amehamia wodi ya kawaida. Mtu wa mazoezi ya viungo ni bwana mkubwa kama kabati mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Amemfunga mkanda kiunoni, akamsimamisha. Mke wangu alitazama miguu yake akasema, "Iko wapi? Naiona lakini siijui ilipo." Yule bwana akaeleza kwamba neva huuambia ubongo mguu uko wapi hata ukifumba macho, na hizo bado zimelala, kwa sasa atumie macho badala yake. Ndiyo maana anatembea ameinama, anailinda miguu yake kama mbuzi wa watu.

Pia alinionyesha mimi jambo. Kushika kwa kiganja kizima, kwa uzito, bila kusogeza, mara nyingi huuma kidogo kuliko kupapasa. "Lakini uliza kwanza," akasema.

"Nijaribu?" nikauliza.

Mke wangu aliutazama mkono wangu kwa muda. "Siyo leo," akasema. Kisha, kwa upole, "Usinune."

Sikununa. Nilinuna kidogo.

Jumapili, 1 Juni

Ameruhusiwa, lakini hakuja kwetu. Ghorofa ya tatu haipandiki kwa fremu ya kutembelea, na mimi natoka alfajiri. Amekwenda kwa mama yake, nyumba ya chini, mlango mpana. Chiriku naye ameng'ang'ania kubaki na mama yake mpaka shule zifunguliwe, na sikuwa na moyo wa kumkatalia.

Nimerudi peke yangu. Nimeweka sahani tatu mezani kwa mazoea. Mtu anaweza kuishi na matumaini yote mkononi na bado akamtamani mkewe. Alipokuwa mahututi nilitamani awe hai. Amekuwa hai, natamani aongee. Ameongea, natamani nimshike. Sijui hii tamaa ina mwisho wapi.

Jumatano, 11 Juni

Mvua zimekwisha, nadhani. Mikate imeumuka vizuri.

Jumamosi, 14 Juni

Nimewakuta yeye na Chiriku kizingitini. Anamsuka. Mistari imepinda, vidole vinaangusha nywele, anaanza upya, na mtoto, ajabu, amenyamaza. "Vidole havisikii vinachoshika," akaniambia bila kuinua macho. "Nadhani nimeshika nywele tatu kumbe nimeshika kumi." Ilipofika jioni mstari mmoja ulikuwa umekamilika. Daktari Nyundo amesema mikono itarudi. Nyayo hana hakika. Baadhi ya nyuzi zenyewe ziliumia, si utando tu, na huenda ganzi ikabaki humo maisha.

"Basi nitakuwa na soksi," akasema, akacheka, kisha hakucheka.

Jumapili, 22 Juni

Mama mkwe alimchukua Chiriku baada ya chakula cha mchana, akasema wanakwenda kutembea. Yule mama hatembei popote bila sababu. Mlangoni alinitazama, akafunga polepole.

Mke wangu alikuwa amelala chali chumbani, dirisha wazi, jua la kwanza la maana tangu Machi limefika hadi katikati ya sakafu. "Vua viatu," akaniambia. "Lala hapa."

"Godoro litatikisika."

"Nimekuuliza habari za godoro?"

Nililala ukingoni kabisa, mikono kifuani, nimekakamaa kama ubao wa kukandia. Sikupumua vizuri. Tulikuwa tunatazama dari moja. Kati yetu palikuwa na nafasi ya kutosha mtu wa tatu, na nilihisi kila sehemu ya ngozi yangu iliyokuwa upande wake.

"Nimechoka kuulizwa," akasema. "Nashukuru mnaniuliza. Lakini nimechoka."

"Nifanye nini, basi?"

"Usifanye kitu. Kaa hapo hapo."

Nikasikia shuka zikisogea. Sikugeuza kichwa. Alivuta pumzi kama anayetaka kuinua gunia. Bega likaanza, likakwama. Akatukana kidogo, tusi la saluni, akaanza tena. Nilijua angekubali nikimsaidia, na nilijua asingenisamehe. Nilishika ukingo wa kitanda, nikafumba macho. Bega likapita. Nyonga ikafuata, nzito, polepole, kisha goti likaangukia goti langu kwa uzito wake wote, nikasikia amebana meno, na halikuondoka.

Nilipofungua macho na kugeuza kichwa, uso wake ulikuwa mbele ya wangu, una jasho, unahema.

Alikuwa amegeuka mwenyewe.